Kujifunza hisa Uganda kwa pesa ndogo: mwongozo wa kijana anayeanza

Ukiuliza mtandaoni namna ya kujifunza biashara ya hisa, haitapita saa moja kabla mtu hajakuandikia faraghani akikuuzia kozi. Shilingi 300,000, wengine 500,000. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp na kufundishwa kuchora mistari kwenye chati za dola na dhahabu. Pesa hiyo hiyo ingekununulia hisa za kampuni tatu zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Kampala, na ingebaki ya bando la miezi kadhaa. Nakwambia mapema kwa sababu ndio msimamo wangu: elimu ya hisa Uganda ipo bure, na karo pekee inayofaa kulipwa ni kiasi kidogo cha pesa yako mwenyewe ukiwa tayari umo ndani ya soko. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka ya pili na ya tatu, hizo nyingine hazitakusaidia.

Kwanza lijue soko lenyewe

Soko la Hisa la Uganda, ambalo wengi tunaliita USE, lilipewa leseni mwaka 1997 na likaanza kazi Januari 1998. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Kampuni ya kwanza kuuza hisa zake kwa umma hapo ilikuwa Uganda Clays, watengenezaji wa matofali na vigae wa Kajjansi, iliyoorodheshwa mwaka 2000. Baadaye zikaja nyingine, zikiwemo Bank of Baroda, New Vision, dfcu, Stanbic, NIC, Umeme (kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini) na kiwanda cha dawa cha Quality Chemical. Kampuni za simu ndizo zilizofuata: MTN Uganda mwaka 2021 kwa shilingi 200 kwa hisa, na Airtel Uganda mwaka 2023 kwa shilingi 100. Utaona pia kampuni za Kenya kwenye orodha, kama KCB, Equity na EABL, lakini biashara halisi ya hisa zake hufanyika Nairobi.

Ni soko dogo, na udogo huo una maana kubwa kwako. Zipo siku ambazo kampuni fulani haiuzi hata hisa moja. Unaweza kuweka oda ya kuuza ukasubiri siku kadhaa, pengine wiki, mpaka apatikane mnunuzi kwa bei unayotaka. Juu ya hapo kuna ada. Ukijumlisha ya broka, yaani wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, na zile za soko, zinakaribia asilimia 2 unaponunua, na kiasi kama hicho tena unapouza. Maana yake ukinunua hisa za shilingi 100,000 na kuziuza kwa bei ileile, umeshapoteza kama 4,000. Bei lazima ipande zaidi ya asilimia 4 ndipo uanze kuona faida yoyote.

Kwa hiyo ile biashara ya kununua asubuhi na kuuza jioni inayoonyeshwa kwenye video haifanyiki Kampala kwa mtu wa kawaida. Anayekufundisha hiyo anakufundisha soko la nchi nyingine, au anakupeleka kwenye fedha za kigeni kwa pesa ya mkopo, ambako wanaoanza ndio huumia kwanza. Hapa kwetu kinachojifunzika kwa bei nafuu ni uwekezaji: kununua sehemu ya kampuni unayoielewa, kuishika kwa miaka, na kupokea gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa.

Tenga pesa, na usiiache ilale kwenye simu

Pesa ya hisa ni ile ambayo hata ikipungua nusu, kodi ya nyumba italipwa na mtoto ataenda shule. Usikope. Riba ya mikopo Uganda, hata ya SACCO, iko juu kiasi kwamba gawio halitaifikia.

Anayeweka 20,000 kila wiki atamaliza mwaka akiwa na zaidi ya milioni moja. Ukiiacha kwenye akaunti ya pesa za simu itakatwa kila unapoigusa, na kusema kweli utaigusa. Wakati unajifunza, iweke kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji, unaokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja, hasa ule wa soko la fedha, ambao hununua dhamana za muda mfupi na amana za benki. Old Mutual, ICEA Lion, Britam na Xeno ni miongoni mwa wanaoendesha mifuko hiyo. Unaweza kuanza na kiasi kidogo, unaongeza kwa simu, na ukiihitaji unaipata baada ya siku chache za kazi. Uliza maswali mawili kabla ya kuweka: ada ya usimamizi ni asilimia ngapi kwa mwaka, na riba wanayoitangaza ni kabla au baada ya kukata ada hiyo. Mfuko huo wenyewe ni somo la kwanza, maana kila mwezi utapata taarifa inayoonyesha pesa ilivyokua, na utazoea kusoma karatasi za aina hiyo.

Nunua kwa penseli miezi mitatu

Chukua daftari la kawaida la shule, la kurasa 96. Chagua kampuni nne tu, kila moja na kurasa zake: benki moja, kampuni moja ya simu, kiwanda kimoja, na moja ambayo unakutana na bidhaa zake kila siku. USE huweka bei kwenye tovuti yake kila siku ya biashara, na magazeti ya Daily Monitor na New Vision huandika habari za soko. Huna haja ya kuangalia kila siku. Ijumaa jioni inatosha.

Andika tarehe, bei, na idadi ya hisa zilizouzwa. Hiyo idadi wengi huiruka, na ndiyo inayokwambia kama ungeweza kuuza endapo ungetaka kutoka. Halafu "nunua" kwa penseli: andika ungenunua hisa ngapi, toa asilimia 2 ya ada, na chini yake andika kwa sentensi mbili kwa nini unainunua. Sentensi hizo ndizo zina thamani kuliko vyote vilivyomo kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu utazisoma na kuona kama ulikuwa na sababu au ulikuwa umesikia tu watu wakizungumza kwenye stendi.

Miezi mitatu inaonekana mirefu kwa mtu mwenye hamu. Lakini bei za hapa huenda polepole, na kampuni ya mwaka huu itakuwepo bado mwezi wa nne. MTN iliyouzwa kwa 200 mwaka 2021 ilishuka chini ya bei hiyo ikakaa huko muda mrefu, na ni mwaka 2024 ndipo ilipopanda juu yake vizuri. Waliosubiri na kusoma hawakukosa chochote.

Soma hesabu za kampuni, hata kama Kiingereza chake kinachosha

Hapa ndipo elimu yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Kampuni iliyoorodheshwa inalazimika kuchapisha matokeo yake ya nusu mwaka na ya mwaka mzima. Nyingi hufunga mwaka Desemba 31, na matokeo yake hutoka miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Ya nusu mwaka hutoka karibu Agosti. Ripoti kamili ina kurasa zaidi ya mia na faili zito linalokula bando. Anza na ule muhtasari wa ukurasa mmoja au mbili unaotoka gazetini. Upakue mara moja, usome bila intaneti. Kama lugha inakupiga chenga, kaa na rafiki aliyesoma biashara, mpitie mstari kwa mstari. Soda mbili zinatosha kulipia somo hilo.

Tafuta mambo manne: mapato, faida baada ya kodi, faida kwa kila hisa, na gawio kwa kila hisa. Linganisha ya mwaka huu na ya mwaka jana, ambayo huwa imeandikwa pembeni yake.

Tuchukue kampuni ya mfano. Bei ya hisa ni shilingi 150. Faida kwa kila hisa ni 15, na gawio ni 10. Gawanya 150 kwa 15, unapata 10: unalipa sawa na faida ya miaka kumi ili kuwa mmoja wa wenye kampuni. Sasa gawio. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwa mtu binafsi kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa ni asilimia 10, kwa hiyo mkononi unapata shilingi 9. Gawanya 9 kwa 150: asilimia 6 kwa mwaka.

Hapo jiulize swali ambalo walimu wa chati hawaliulizi kamwe. Hatifungani za muda mrefu za Serikali ya Uganda, yaani pesa unayoikopesha serikali nayo ikakulipa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka kwa muda mrefu sasa. Kwa nini basi uchukue 6 kwenye hisa? Jibu halali ni moja tu: unaamini faida ya kampuni itakua, gawio la 10 litakuwa 15 halafu 20, na bei itafuata. Kama huwezi kueleza itakua kwa njia gani, chukua hatifungani. Nimewaambia hivyo vijana wengi walionijia na shauku ya hisa, na wengine walifanya hivyo kwa faida yao.

Ukishazoea tarakimu, soma na mambo yanayozizunguka. Nitatoa mifano mitatu ya hapa hapa.

Umeme iliuza hisa zake mwaka 2012 kwa shilingi 275, na kwa miaka mingi ililipa gawio zuri. Lakini kazi yake yote ilisimama juu ya mkataba wa miaka 20 ulioanza mwaka 2005. Mkataba uliisha Machi 31, 2025, serikali haikuuongeza, usambazaji wa umeme ukarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali, na Umeme ikabaki na mgogoro wa fidia na serikali. Tarehe ya mwisho haikuwa siri kwa yeyote aliyesoma. Aliyenunua miaka ya mwishoni kwa kutazama gawio peke yake alikuwa ananunua biashara iliyobakiza miezi ya kuhesabu. Kwa hiyo kila unapoona gawio kubwa kupita kawaida, tafuta ni kitu gani soko linakiogopa.

Uganda Clays ina vigae juu ya nyumba nyingi za nchi hii. Lakini mkopo iliouchukua kutoka NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa ajili ya kiwanda cha Kamonkoli ulikaa kwenye vitabu vyake miaka na miaka ukizaa riba. Bidhaa nzuri na hisa nzuri ni mambo mawili, na kinachoyatenganisha mara nyingi ni deni. Angalia kampuni inadaiwa kiasi gani, na riba inakula sehemu gani ya faida.

Wa tatu ni Stanbic, na huu unawachanganya hata watu wazima. Hisa ziliuzwa kwa shilingi 70 mwishoni mwa 2006. Miaka michache baadaye ubao ulionyesha bei ya chini ya hapo, na wengi wakalia kwamba wameibiwa. Kilichotokea ni kwamba benki ilitoa hisa za nyongeza, bila malipo, kwa waliokuwa nazo. Hisa bilioni 5.1 za wakati wa kuorodheshwa zikawa bilioni 51.2. Aliyenunua hisa 1,000 kwa shilingi 70,000 na hakuuza alijikuta na hisa 10,000. Hata kwa bei ya shilingi 30, hizo ni 300,000, mbali na magawio aliyokwisha kula. Bei ya hisa moja peke yake haikwambii kama kampuni ni rahisi au ghali.

Fungua akaunti

Unahitaji akaunti ya SCD, ambayo ndiyo inayohifadhi hisa zako kwa njia ya kielektroniki kwa jina lako. Siku hizi inafunguliwa kwenye simu kupitia Easy Portal ya Soko la Hisa, au kupitia broka. Andaa kitambulisho cha taifa, picha, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na akaunti ya benki. Majina yafanane kila mahali, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Mohamed na benki inasema Muhammad, tengeneza kwanza, maana gawio hukwama kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Broka lazima awe na leseni ya CMA. Crested Capital, Dyer & Blair na SBG Securities ni majina utakayokutana nayo, na orodha nzima iko kwenye tovuti ya CMA. Waulize wawili au watatu: ada yenu ni asilimia ngapi, na je, kuna kiwango cha chini? Kiwango cha chini kinaweza kumuumiza mnunuzi mdogo. Kama broka hatozi chini ya shilingi 5,000 na wewe unanunua za 25,000, umetoa asilimia 20 kabla hujaanza. Katika hali hiyo ni afadhali ukusanye miezi mitatu kisha ununue mara moja.

Ununuzi wa kwanza

Chukua kampuni moja katika zile nne za daftari. Kiwango cha kawaida cha kuanzia ni hisa 100. Kwa kampuni yenye bei ya shilingi 250, hiyo ni 25,000 kabla ya ada. Weka oda yenye bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa. Kwenye soko lenye wauzaji wachache, oda isiyo na kikomo inaweza kukuchukulia bei ambayo hukuitarajia. Lipa kwenye akaunti rasmi ya broka na si kwenye namba ya simu ya mfanyakazi wake, hata akikuambia ni haraka zaidi. Hisa zikishanunuliwa, malipo na makabidhiano hukamilika baada ya siku tatu za kazi. Ingia kwenye akaunti yako uzione.

Hisa 100 tayari zinakupa haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, na mikutano mingi sasa hurushwa mtandaoni. Usiukose. Utamsikia mkurugenzi mkuu akieleza kwa nini faida imeshuka, na utasikia wazee waliokuwa na hisa tangu mwanzo wakimbana kwa maswali makali. Hakuna kozi ya shilingi 500,000 itakayokupa hilo. Ukiwa na swali, uliza. Wewe ni mmoja wa wenye kampuni.

Kwa asiyetaka kupanda na kushuka

Dhamana za serikali unazinunua Benki Kuu ya Uganda kupitia benki yako ya biashara, kuanzia shilingi 100,000. Zile za muda mfupi huitwa hati za hazina, nazo ni za siku 91, 182 na 364, na hatifungani zinaanzia miaka 2 kwenda juu. Mnunuzi mdogo huchagua zabuni isiyo ya ushindani: hutaji riba, unapokea ile iliyopatikana kwenye mnada. Kodi kwenye riba ni asilimia 20, ila kwa hatifungani za miaka 10 au zaidi ni asilimia 10. Kwenye hati za hazina unalipa pungufu mwanzoni na kupokea kamili mwishoni. Tuseme umelipa 88,000 kwa hati ya 100,000 ya siku 364. Riba ni 12,000, kodi 2,400, yako ni 9,600.

Mimi ningemshauri anayeanza awe na vyote viwili, dhamana na hisa, huku sehemu kubwa ikiwa kwenye dhamana mpaka aweze kusoma hesabu za kampuni bila msaada.

Wanaokuja na ahadi

Mwaka 2019 Waganda wengi walipoteza akiba zao kwa Dunamiscoins, waliokuwa wakiahidi faida kubwa ndani ya wiki chache. Tangu hapo zimekuja nyingine kwa majina ya mpira, kuku na sarafu za mtandaoni, na zitaendelea kuja. Vipimo ni hivi. Anaahidi asilimia kamili kwa mwezi? Anakulipa ukileta watu? Jina lake halimo kwenye orodha ya CMA, au anakuonyesha cheti cha usajili wa kampuni kana kwamba ni leseni ya uwekezaji? Kimoja tu kinatosha: ondoka. Na yeyote anayetaka umkabidhi neno la siri la akaunti yako ili "akufanyie biashara" hana nia njema nawe, hata mkiwa mnasali pamoja.

Kikundi kinapunguza gharama

Vijana watano mpaka kumi wanaoaminiana wanaweza kuchanga 10,000 kila wiki, wakanunua kwa kiasi kinachofanya ada kuwa nyepesi. Faida kubwa zaidi ni masomo: kila mwezi mmoja anasoma matokeo ya kampuni moja na kuyaeleza kwa wenzake, nao wanampinga. Anayejua kwamba Jumamosi atasimama mbele ya wenzake husoma kwa makini. Andikeni kanuni kabla ya mchango wa kwanza, hasa mtu anayetaka kutoka atalipwa lini na kwa bei gani, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi huvunjika. Akaunti ya benki iwe na sahihi tatu.

Weka kumbukumbu

Gawio hutumwa kwenye akaunti au namba uliyoandika kwenye fomu. Ukibadilisha benki au laini, mjulishe broka siku hiyo hiyo, la sivyo magawio yako yataanza kulundikana kwenye orodha ya yasiyodaiwa. Andika kwenye daftari namba yako ya SCD, jina la broka na kampuni ulizonunua, kisha mwambie mtu mmoja wa nyumbani daftari hilo liko wapi. Zipo familia ambazo baba aliacha hisa na hakuna aliyejua, kwa sababu hisa za kielektroniki haziachi karatasi chini ya godoro.